Mkokoteni wa magurudumu manne kwa kazi za bandani: miezi 14 nikiwa na magongo

Nimesubiri zaidi ya mwaka kabla ya kuandika hii, maana vifaa vya shamba karibu vyote vinapendeza wiki ya kwanza, shida huja baadaye kwenye matope. Sasa ni miezi 14 nautumia kila siku asubuhi na jioni. Nina poni 2 (farasi wa umbo dogo) na kondoo 9, nina nyonga iliyoharibika na goti la upande huohuo halikunji vizuri, siku nzuri natembea na gongo moja, siku mbaya mawili. Kwahiyo naandika kwa ajili ya mtu mwenye hali kama yangu, mwenye miguu mizima anaweza kuona nasifia vitu vidogo vidogo.

Mkokoteni wenyewe ni ule mdogo wa kuvuta, magurudumu manne ya tairi za hewa, fremu ya chuma, juu kuna beseni la plastiki nene, mbele mpini unaokata kona pamoja na magurudumu ya mbele, na ukivuta kishikio cha pembeni beseni linabinuka lenyewe. Hauna mota wala breki, na kwenye breki ntarudi.

Kabla yake nilikuwa na toroli la kawaida la gurudumu moja. Toroli lile linataka unyanyue, usawazishe na usukume kwa wakati mmoja, na mikono yote miwili iwe kazini, sasa mtu anayetembelea gongo hiyo mikono ataitoa wapi? Nilichokuwa nafanya ni kuacha gongo bandani naegemea toroli, yaani toroli ndo linakuwa gongo langu, na siku likiingia shimoni tunaenda chini wote. Nilianguka mara mbili na samadi yote. Mara ya pili nilikaa pale chini kwenye matope muda mrefu nikijiuliza kama huu ndo mwisho wangu wa kufuga, na hilo wazo liliniuma kuliko nyonga, kwa sababu hawa wanyama ndo wananitoa kitandani.

Kitu ambacho mkokoteni huu umenipa, na hakijaandikwa popote kwenye boksi lake, ni kusimama. Nikichoka naachia mpini, nasimama, napumua, naegemea gongo langu kama kawaida, na mzigo unabaki palepale ulipo. Toroli la gurudumu moja ukilishusha katikati ya njia kulinyanyua tena ni kazi nyingine, ndo maana ulikuwa unajilazimisha kufika. Sasa safari ya kutoka bandani hadi kwenye lundo la samadi naigawa mara tatu au nne na nafika nikiwa bado na nguvu ya kurudi. Sikujua kama nusu ya maumivu yangu ya jioni yalikuwa yanatokana na kule kujilazimisha.

Uzito pia. Wameandika unabeba kilo 200, mi sijawahi kufika hata nusu na sioni sababu. Robota moja dogo la nyasi kavu ni kilo 15 mpaka 25 hivi, naliangusha kutoka kwenye rafu moja kwa moja ndani ya beseni, sibebi. Poni wa kilo 200 anahitaji kama kilo 3 hadi 4 za nyasi kavu kwa siku kwahiyo kwa wawili robota moja linasogeza siku kadhaa, nalipeleka mara moja nalifungua nikiwa nimesimama, najaza nyavu zao za kulia nyasi, zile za matundu madogo, palepale juu ya beseni. (Nyavu za matundu madogo kwa poni ni lazima jamani, wanakula taratibu, na poni akinenepa sana kwato zinaanza kuuma, na poni mwenye maumivu ya kwato anataka kuangaliwa usiku na mchana, mtu wa magongo hutaweza.) Maji napeleka kwenye madumu, dumu la lita 20 ni kilo 20 na sinyanyui, nachovya mpira nateremsha maji mpaka kwenye chombo chao maana kiko chini kuliko beseni.

Samadi: ukingo wa beseni uko usawa wa paja, unatupa na reki bila kuinua kiwiko. Poni wawili wananijazia kwa siku mbili.

Halafu kuna matumizi ambayo sikuyategemea. Kondoo wakiona ndoo wanakuja kwa kasi na hawakwepi miguu ya mtu, wanagonga magoti, na mimi goti likigongwa naanguka. Sasa mkokoteni nauweka kati yangu na wao, unakuwa kama ukuta, mi nasimama nyuma yake namwaga chakula kwenye hori upande wa pili. Na nimekata ubao unaolala juu ya beseni kutoka ukingo hadi ukingo, nauwekea kabari magurudumuni, nakaa. Juzi kulikuwa na jike mmoja anachechemea mguu wa mbele, zamani ningemwita mtu aje anishikie, safari hii nilikaa kwenye ubao nikiwa na chakula kidogo mkononi, akaja mwenyewe akaweka kidevu kwenye paja langu, nikamshika, nikakunja mguu wake taratibu nikachungulia katikati ya vidole. Kulikuwa na tope limekauka gumu kama jiwe na ngozi chini yake imekuwa nyekundu. Nikanusa, maana ugonjwa wa kuoza kwato una harufu yake mbaya ambayo ukishaijua huisahau, haikuwepo. Nikatoa tope, nikasafisha, kesho yake alikuwa anatembea vizuri. Dakika kumi nimekaa na kondoo wangu bila kumuomba mtu msaada, siwezi kuwaelezea ilivyonifurahisha. Kwa poni sikai hivyo, ukiwa umekaa karibu na miguu ya poni akashtuka huna pa kukimbilia.

Ila muwe makini na kitu kimoja kama mnafuga wote wawili: beseni ni moja lakini chakula chao si kimoja. Chakula cha farasi cha kuchanganywa mara nyingi kina madini ya shaba na kondoo shaba hawaiwezi, inajikusanya kwenye ini kimyakimya halafu siku moja mnyama anaugua ghafla na kufa. Nilimkuta kondoo mmoja amepanda mbele ndani ya beseni analamba chenga za chakula cha poni, nikatetemeka. Tangu siku hiyo chakula cha poni kinasafiri kwenye ndoo yenye mfuniko na beseni naliosha kabla ya kwenda kwa kondoo.

Sasa mabaya. Breki hakuna, na kwenye mteremko mkokoteni wenye mzigo unakufuata unakusukuma visigino, kwa mtu wa magongo hilo ni jambo la hatari kabisa. Mi nashuka kwa kukata kata mteremko kushoto na kulia badala ya kunyooka, mzigo nusu, na kipande cha kabari kimefungwa kamba kwenye fremu nikisimama nakitupa mbele ya tairi, upande wa chini wa mteremko. Kama kwako ni mteremko mtupu usinunue huu, tafuta wenye breki.

Mpini ni mfupi. Nikivuta fremu ilikuwa inanigonga kisigino, nikampelekea fundi wa kuchomea akaongeza bomba, shida ikaisha, lakini kifaa kipya kisingetakiwa kupelekwa kwa fundi. Kishikio cha kubinua kina springi ngumu, vidole vyangu asubuhi vinakuwa vimekakamaa havikiwezi, nimefunga kitanzi cha kamba navuta kwa mkono mzima. Tairi za hewa zilipata pancha tatu kwa miiba miezi minne ya kwanza, nikazitoa nikaweka za raba ngumu. Zinatikisa zaidi kwenye mawe ila sijainama kujaza upepo tena. Na usikate kona kali ukiwa umejaza, unapinduka.

Watu wananiuliza kwanini nisimfunge poni auvute. Hapana. Poni wa kuvuta anafundishwa muda mrefu na anavaa vifaa vyake, na mkokoteni huu haujatengenezwa kwa hilo, akishtuka akakimbia nao mi siwezi kumkimbiza. Wangu hata sauti yake waliiogopa mwanzoni, ule mngurumo kwenye kokoto, mmoja alikuwa anakimbilia kona ya mbali. Niliuacha umesimama ndani ya uwanja siku tatu na nyasi kidogo beseni likiwa wazi, wakaja kula wenyewe, siku ya nne nikauvuta hatua mbili mbili. Sasa wakisikia mngurumo wanakuja getini.

Naupa nyota 4 kati ya 5, moja nimeitoa kwa ajili ya breki na mpini. Na ukinunua, kabla hujapakia kitu chochote, kaza ile bolti inayoshika mpini na uweke nati ya pili juu yake. Yangu ilikuja imelegea, wiki ya pili ikachomoka njiani, nikabaki na mpini mkononi na mkokoteni umesimama nyuma yangu, bahati nzuri palikuwa tambarare.