Miezi saba na unga wa lozi hapa Uyole

Mama yangu hunywa chai saa moja asubuhi, na tangu nipate akili sijawahi kuiona chai hiyo mezani bila mkate. Mwaka jana alipopimwa akakutwa na kisukari, kliniki walimwambia apunguze wanga: ugali, wali wa Kyela na huo mkate. Ugali akapunguza. Wali akapunguza kwa shida. Mkate ukamshinda. Alipotoka Tukuyu kuja kukaa kwangu Uyole, hapa Mbeya, kila asubuhi nilikuwa namwona anakata kipande, anakirudisha, halafu anakichukua tena bila kunitazama. Iliniuma sana. Ndipo nikaanza kutafuta unga wa lozi, ambao wanga wake ni mdogo kuliko wa ngano, na nayaandika haya kwa ajili ya mtu mwenye mzazi kama wangu nyumbani.

Pakiti ya kwanza niliagiza Dar es Salaam, ikapanda basi, nikaipokea stendi ya Nanenane. Nusu kilo, shilingi 28,000 pamoja na nauli ya mzigo. Mume wangu aliuliza mara mbili kama sikukosea sifuri. Nilipoufungua niliona unga wa rangi ya maziwa yenye samli, umesagwa laini, ukiufinya kiganjani unashikana donge, ukiligusa donge linavunjika. Hakukuwa na chenga za kahawia, maana yake lozi zilimenywa ganda kabla ya kusagwa. Unga uliosagwa na maganda yake nao ni mzuri kwa biskuti, lakini mkate wake unakuwa mzito na mweusi.

Mkate wa kwanza uliharibika, na kosa lilikuwa langu. Nilifuata vipimo vya mtu anayeishi pwani: vikombe viwili vya unga, mayai manne, vijiko vitatu vya samli iliyoyeyushwa, chumvi, na kijiko kizima cha chai cha baikaboneti pamoja na maji ya limau. Ukaumuka haraka mpaka nikamwita mama aje kuona, kisha ukadidimia katikati kama sahani. Mbeya tuko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, maji yenyewe yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na gesi ndani ya mkate inatanuka kuliko kule chini. Mkate unapanda kabla mayai hayajaiva vya kutosha kuushikilia, kisha unaanguka. Sasa natumia nusu kijiko cha chai tu, na tatizo hilo limeisha.

Hapo kwenye mayai ndipo penye siri yote ya unga huu. Ngano ina gluteni, ule mvutano unaousikia mkononi unapokanda, na huo ndio unaoishika hewa. Lozi haina. Ukiikanda saa nzima haitavutika. Kazi ya kushika inafanywa na yai, kwa hiyo mayai yasitoke kwenye friji moja kwa moja, wala yasiwe yamelala jikoni kwangu mwezi wa saba, maana baridi ya Uyole mwezi huo ni kama friji. Nayatia kwanza kwenye bakuli la maji ya vuguvugu dakika kumi, kisha nayapiga mpaka yatoe povu jeupe. Unga naumimina mwisho na kuuchanganya taratibu kwa mwiko.

Kuhusu beking pauda, angalia maandishi ya nyuma ya kopo. Nyingi huwekewa wanga wa mahindi ili isishikane. Kwa mtu anayetaka mkate usio na nafaka kabisa, hiyo tayari ni nafaka. Miezi miwili nilikuwa naitumia bila kujua. Baikaboneti na limau vinatosha.

Moto uwe mdogo. Lozi ina mafuta mengi, karibu gramu 50 katika kila gramu 100, na inawahi kubadilika rangi kuliko ngano. Oveni yangu ndogo ya umeme naiweka nyuzi 160, dakika 45, na dakika 15 za mwisho nafunika juu kwa karatasi ya foili. Umeme ukikatika natumia jiko la mkaa: sufuria kubwa yenye mchanga, chombo cha mkate juu yake, na makaa machache juu ya mfuniko. Makaa yawe machache kweli. Siku moja niliyaweka kama ninavyoyaweka kwa keki ya ngano, chini kukaungua na katikati kukabaki kubichi. Ukishatoa mkate, uache upoe kabisa. Ukiukata ungali moto unamomonyoka wote.

Pakiti ya pili ndiyo iliyonikasirisha. Niliona muuzaji mwingine anauza nafuu, nikavutika. Unga ulikuwa mweupe kupita kiasi, mkavu, hauachi mafuta kwenye vidole. Mkate wake ukatoka laini kama keki ya dukani, mama akaufurahia, na furaha hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi. Nikachukua vijiko viwili vya ule unga, nikakoroga na maji baridi, nikaweka jikoni. Ukawa uji. Uji kabisa, wa kunywa kwa kikombe! Unga wa lozi ukiuchemsha unabaki chembechembe ndani ya maji yenye mafuta, hauwi mzito namna ile. Kinachoganda hivyo ni wanga. Nilipompigia muuzaji alisema ndivyo ulivyomfikia. Mimi mama yangu ni mgonjwa, na ninapolipia lozi nataka lozi. Tangu siku hiyo kila pakiti mpya naipima kwa sufuria kabla haijaingia kwenye mkate, na nakusihi nawe ufanye hivyo.

Nilijaribu pia kusaga mwenyewe. Lozi nzima unaziloweka maji ya moto dakika chache, ganda linateleza lenyewe ukilibana kwa vidole viwili. Shida ni kuzikausha. Kipindi cha ukungu jua la huku halitoshi. Nikazisaga zikiwa bado na unyevu, blenda ikanipa uji mzito wa lozi badala ya unga. Ukiziweka kwenye oveni yenye moto mdogo sana zikakauka vizuri, ukazisaga kwa kuwasha na kuzima, kisha ukachekecha, unapata unga mzuri, ila si laini kama wa pakiti. Kwa biskuti unafaa sana. Zangu naweka mdalasini, iliki na kakao ya Kyela, na tende mbili zilizopondwa kwa trei nzima. Asali siweki kwa mama. Watu wengi hudhani asali haihesabiki, kumbe ni sukari vilevile.

Chapati na maandazi usihangaike navyo. Chapati inapasuka ukianza kuisukuma, na andazi langu lilisambaratika ndani ya mafuta ya moto.

Hesabu ya mkate mmoja kwangu ni hii: gramu 200 za unga ni shilingi 11,200, mayai na samli vinaupeleka karibu na 14,000. Ni ghali, sina namna nyingine ya kusema. Lakini unashibisha, mama anakula vipande viwili vyembamba na parachichi la Rungwe lililopondwa na chumvi, na haombi kitu mpaka mchana. Mkate unafika siku sita. Unga unaobaki nauweka kwenye friza ndani ya kopo lililofungwa, maana mafuta yake huchacha ukikaa wazi kabatini. Dawa zake anameza kama kawaida na kliniki anakwenda kila tarehe yake. Mkate huu ni chakula tu.

Kwa muuzaji wa kwanza nimeshanunua mara nane, na mzigo haujawahi kufika umepasuka wala umechanganywa. Mwezi uliopita mama alikwenda Tukuyu kwenye msiba, akabeba nusu ya mkate kwenye mkoba. Aliporudi aliniambia shangazi ameuonja, naye ana sukari, na anauliza kama naweza kumwokea wake kila Jumamosi. Nimeagiza kilo nzima. Basi linafika Alhamisi.