Blanketi ya viraka yenye manyoya: flaneli au kikwembe?

Kwa baridi ya asubuhi ya Bukavu, flaneli, kile kitambaa laini chenye joto, inashinda bila ubishi. Imefumwa kwa kulegea, hivyo kingo zake zikikatwakatwa na kufuliwa hufumuka na kuwa manyoya laini. Kikwembe, yaani kitenge, kimefumwa kwa kubana: hutoa nyuzi chache tu, na joto lake ni dogo. Kwa rangi, hapo flaneli inyamaze.

Blanketi ya mtoto, karibu sm 95 kila upande: kata miraba 72 ya sm 20 (mita 3 na ziada kidogo, upana sm 110). Panga miwili miwili mgongo kwa mgongo, ishone kwa alama ya X. Unganisha jozi hizo 36, sita kwa sita, pindo la sm 2 na nusu likibaki nje upande wa mbele. Sindano ya cherehani namba 14, kwani kwenye makutano nguo huwa nene. Kisha kata pindo kila sm 1, ukikomea mm 3 kabla ya mshono. Ukigusa uzi, tundu litafunguka kwenye maji.

Mashati ya flaneli ya mitumba yanafaa sana, yameshanywea. Kikwembe kipya kifue kwanza, kisichujie rangi.

Umeshindwa kuchagua? Kikwembe mbele, flaneli nyuma. Manyoya yatapungua, lakini bibi hatalalamika.