LAN na WAN: umbali ndio unaoamua

LAN ni mtandao wa eneo dogo: nyumba, ofisi, jengo la shule. Kompyuta huunganishwa kwa swichi (kifaa kinachopokea na kupitisha data kati ya kompyuta) na nyaya za Ethernet, ambazo kipande kimoja cha shaba hakipaswi kuzidi mita 100, au kwa Wi-Fi. Vifaa ni vyako, unavisimamia mwenyewe, na kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde ni ya kawaida.

WAN ni mtandao wa eneo pana: huunganisha LAN zilizo mbali na nyingine, mji kwa mji, hata bara kwa bara. Intaneti ndiyo kubwa kuliko zote. Hapa njia hukodiwa kutoka kwa kampuni za mawasiliano. Kasi unaweza kuinunua, lakini ucheleweshaji, yaani muda ambao data hutumia njiani, hauondolewi kwa fedha. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kilomita 10,000 huchukua milisekunde 50 kwenda tu, na kurudi vivyo hivyo. Kwenye LAN ya nyaya, kwenda na kurudi kwa kawaida hakufiki hata milisekunde 1.

Ndiyo maana nashauri mafaili makubwa mnayohariri pamoja kila siku yakae kwenye seva ya hapo hapo ofisini. Nakala za akiba ndizo zipite kwenye WAN, tena usiku, njia ikiwa tupu.