Mapitio ya kozi ya jioni: sanaa na majengo ya Wakristo wa kale, Moshi

Kituo kimoja cha mafunzo hapa Moshi, ambacho wengi hukifahamu kwa semina za wakatekista na walimu wa shule ya Jumapili, kina kozi fupi ya jioni kuhusu sanaa na majengo ya Wakristo katika dola ya Kirumi, tangu karne ya 3 hadi katikati ya karne ya 6. Masomo hutolewa kwa Kiswahili, picha huoneshwa kwa projekta, na kila mshiriki hupewa kijitabu. Nilijiandikisha kwa sababu usharika wetu unajiandaa kujenga, na katika vikao vya kamati ya ujenzi nilikwisha kuchoka kusikia kwamba kanisa la kweli lazima liwe na umbo fulani, pasipo mtu kueleza umbo hilo lilitoka wapi. Swali hilo kozi inalijibu vizuri kuliko nilivyotarajia. Katika mambo mawili, yaani ubora wa picha na nafasi ya Afrika, inahitaji marekebisho.

Jambo la kwanza la kusifu ni mahali mwalimu anapoanzia. Haanzii Roma, anaanzia Dura-Europos, mji wa mpakani kando ya mto Frati nchini Siria, ambako nyumba ya kawaida ya kuishi, yenye ua katikati, iligeuzwa kuwa kanisa mnamo miaka ya 240. Ukuta uliotenganisha vyumba viwili ulibomolewa ili upatikane ukumbi mmoja, na katika chumba kingine likajengwa birika la ubatizo lililofunikwa kwa kibanda cha nguzo. Nyuma ya birika alichorwa Mchungaji Mwema, na chini yake Adamu na Hawa. Kwenye kuta nyingine yumo Yesu akimponya aliyepooza, Petro akijaribu kutembea juu ya maji, na wanawake wakielekea kaburini. Mwaka 256 jeshi la Wasasani kutoka Uajemi liliuzingira mji, na walinzi wa Kirumi wakajaza kifusi katika nyumba zilizopakana na ukuta wa mji ili kuuimarisha. Mji ulianguka, lakini kifusi hicho ndicho kilichoihifadhi michoro hadi wachimbaji walipoifikia mwanzoni mwa miaka ya 1930, na sehemu kubwa yake sasa iko katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Mwalimu alituonesha kwenye ramani kwamba kandokando ya ukuta huohuo wa mji lilikuwapo pia sinagogi lenye michoro mingi ya Agano la Kale, pamoja na hekalu la Mithra, mungu aliyeabudiwa na askari wengi wa Kirumi. Kuanzia hapo mshiriki anaelewa kwamba Wakristo walitumia rangi, lipu na mitindo iliyokuwa mikononi mwa mafundi wa mji wao, sawa na majirani zao. Mafundi waashi tuliokuwa nao darasani walilipokea somo hili kwa hamu kuliko sisi wengine, kwa kuwa swali la ukuta upi unaweza kubomolewa bila paa kuporomoka ni la kazi yao ya kila wiki.

Somo la katakombe za Roma, yaani makaburi ya chini ya ardhi, lilipita haraka, na nadhani ilikuwa sawa. Linasahihisha dhana iliyozoeleka kwamba Wakristo walihamia chini ya ardhi ili kujificha. Sheria ya Kirumi ilikataza kuzika ndani ya mji, udongo wa mawe laini ya volkano nje ya kuta ulichimbika kwa urahisi, na njia zile ndefu zilikuwa makaburi ambayo eneo lake lilijulikana. Michoro inayorudiwa humo ni ya watu waliookolewa: Yona, Danieli katika tundu la simba, vijana watatu katika tanuru, Lazaro. Msalaba wenye Kristo aliyesulubiwa hauonekani, na jambo hilo lilizua mjadala ambao mwalimu aliuongoza kwa utulivu, ingawa mzee mmoja wa kanisa aliondoka akiwa bado hajaridhika.

Kiini cha kozi ni somo la basilika, na hapo ndipo ada inapolipa. Baada ya ushindi wa kaisari Konstantino katika Daraja la Milvio mwaka 312 na makubaliano ya Milano ya mwaka 313, yaliyowapa Wakristo uhuru wa kuabudu, Kanisa lilipata fedha za kaisari na idadi ya watu isiyoweza tena kuenea nyumbani. Hekalu la Kirumi lisingefaa, kwa sababu lilikuwa makao ya sanamu ya mungu; altare ilikuwa nje mbele ya ngazi, na waabudu walisimama uwanjani. Kilichofaa ni basilika, yaani ukumbi wa umma uliotumika kwa mahakama, biashara na mikutano. Ulikuwa na sehemu ndefu ya kati, safu za nguzo zilizotenga njia za pembeni, madirisha ya juu yaliyoingiza mwanga hadi katikati, na mwishoni kidaka cha nusu duara alipoketi hakimu. Wakristo walihamishia mlango mkuu kwenye upande mfupi, mwendo wote ukaelekezwa altareni, na kiti cha hakimu kikawa cha askofu. Paa lilikuwa la kenchi za mbao, jepesi kuliko kuba la zege, kwa hiyo kuta ziliweza kuwa nyembamba na kusimama juu ya nguzo. Jengo kubwa likakamilika upesi na kwa gharama inayobebeka. Kanisa la Laterano, Roma, lilijengwa juu ya kambi ya askari wapanda farasi waliokuwa upande wa Maxentius, adui wa Konstantino, na mwalimu hakusita kusema kwamba kuchagua kiwanja kile kulikuwa pia tamko la kisiasa. Basilika ya kwanza ya Mtakatifu Petro, yenye njia mbili za pembeni kila upande, ilidumu kwa zaidi ya miaka elfu moja hadi ujenzi wa hii ya sasa ulipoanza mwaka 1506.

Somo hili linafuatiwa na matembezi ya mchana mmoja katika kanisa la zamani la mlimani, ambako kila mshiriki hutakiwa kutambua sehemu za jengo na kueleza kazi ya kila moja. Ni zoezi la kawaida, lakini limepangwa vizuri: tuliingia kwanza kwa mlango wa pembeni, kisha tukatoka na kuingia tena kwa mlango mkuu, na tofauti ya mwendo ikajieleza yenyewe. Laiti wajumbe wote wa kamati za ujenzi wanaobishana kuhusu madirisha ya aluminiamu wangesimama pale saa nne asubuhi, mwanga unapoingia kwa juu!

Kwa kanisa la Santa Sabina, lililojengwa Roma kati ya mwaka 422 na 432, maelezo yalikuwa bora sana. Nguzo zake 24 za ndani zilichukuliwa kutoka jengo la zamani zaidi, na milango yake ya mbao za mvinje ina mojawapo ya picha za mwanzo kabisa za Yesu kati ya wale wezi wawili. Jeneza la marumaru la Junius Bassus, mkuu wa mji wa Roma aliyefariki mwaka 359, lilipewa dakika chache tu, ijapokuwa linamwonesha Kristo kijana asiye na ndevu ameketi juu ya mungu wa anga wa Kirumi, mada ambayo ingeweza kujaza jioni nzima.

Tatizo kubwa lilianza tulipofika Ravenna, mji wa Italia ambao kaisari Honorius aliufanya makao yake mwaka 402. Jengo dogo liitwalo kaburi la Galla Placidia, dada wa kaisari huyo, la karne ya 5, ni tofali tupu kwa nje. Ndani yake kuba lote ni buluu nzito iliyotawanywa nyota za dhahabu, yote kwa mozaiki, yaani picha ya vipande vidogo vilivyopachikwa. Mwalimu alifafanua kwa usahihi jinsi vipande vya dhahabu vilivyotengenezwa, jani la dhahabu likifungwa kati ya tabaka mbili za kioo, na jinsi mafundi walivyovipachika kwa kuviinamisha kidogo ili kila kimoja kirudishe mwanga kwa upande wake. Kisha kijitabu kikatuletea haya yote kwa rangi ya kijivu, mithili ya nakala ya kitambulisho iliyotolewa stesheneri. Projekta nayo ilishindana na mwanga wa jioni kwa sababu madirisha ya ukumbi hayana mapazia, kiasi kwamba kaisari Justinian na mkewe Theodora, waliomo katika mozaiki za San Vitale, kanisa lililowekwa wakfu mwaka 547, walionekana kama vivuli. Kufundisha mozaiki bila rangi ni kupoteza muda wa mwalimu na wa wanafunzi, na kurasa chache za rangi haziwezi kuwa gharama kubwa kuliko ada tunayolipa.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi kwangu. Afrika ilitajwa mwishoni, kwa haraka, kana kwamba ni nyongeza ya hisani. Wakati huohuo, picha ambayo ingemsaidia mwalimu kuliko zote katika somo la basilika imetoka Tabarka, Tunisia: mozaiki ya kaburi la mwanamke aitwaye Valentia, iliyoko katika makumbusho ya Bardo, ambayo inalionesha kanisa kana kwamba ukuta wake umekatwa, na ndani tunaona nguzo, altare yenye mishumaa inayowaka, madirisha ya juu na paa la vigae. Kusini-magharibi mwa Aleksandria kulikuwa na Abu Mina, mahali pa hija ambako watu walirudi na vichupa vya udongo vyenye picha ya Mtakatifu Mena kati ya ngamia wawili, vitu vidogo vilivyosambaza sanaa hii mbali kuliko kanisa lolote. Huko Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia, mfalme Ezana aliondoa mwezi na duara kwenye sarafu zake katika karne ya 4 na kuweka msalaba. Wanafunzi wa Moshi wana haki ya kuyajua haya mapema, tena katika jioni ya kwanza pamoja na Dura-Europos, wala hakuna kitakachopungua katika somo la Roma.

Kwa utaratibu sina lawama: masomo huanza kwa wakati, chai ipo, na mwalimu hujibu maswali hata baada ya muda kwisha. Kozi inawafaa zaidi wajumbe wa kamati za ujenzi, wachoraji wa makanisa na walimu wa dini. Mwenye kutafuta ibada au ushuhuda hataukuta. Atakayejiandikisha aketi safu za mbele, upande ulio mbali na madirisha, na kama ana simu yenye kioo kizuri aende na picha za Ravenna alizozipakua mwenyewe.