Uyoga wa maabara au mkeka wa tiba shufaa?

Shangazi yangu wa Kongwa, mwenye saratani, alikuwa akihesabu mabati usiku kucha kwa hofu.

Katika utafiti uliochapishwa 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliwapa wagonjwa 51 wa saratani silosaibini, kemikali ya uyoga unaoleta njozi: kochi, macho yamefunikwa, wasimamizi pembeni. Miezi sita baadaye, takriban 80% bado walikuwa na nafuu ya sonona na wasiwasi. Kwa dozi kubwa moja tu! Ila mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 umeibana vikali, Dodoma usiitafute.

Tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mahututi maumivu na hofu, huenda polepole, lakini mimi ningeanzia huko: mofini ya maji ya kutuliza maumivu, na muuguzi anayekaa mkekani, uji wa ulezi ukipoa. Alipomuuliza shangazi anaogopa nini, alijibu, "Mbuzi wangu watabaki na nani?"