Saa ya kuwashia hita ya maji: mpangaji wa Nakuru anunue ipi?

Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji ya bomba asubuhi ya Julai huuma vidole. Nyumba zetu hazina mabomba ya kupasha vyumba joto kama kule Ulaya. Kinachomaliza tokeni ni hita ya maji, lile tangi la lita 50 au 80 lililowekwa juu ya dari ya bafu. Inawashwa jioni, inasahaulika, inalala ikipasha maji ambayo hakuna atakayeyaoga mpaka alfajiri. Saa ya kuwashia, inayowasha na kuzima hita yenyewe kwa muda uliopanga, inamaliza tatizo hilo, lakini madukani ziko za aina nne na ubora wake umepishana sana kwa mtu anayeishi kwenye nyumba ya kupanga.

Kama bafuni kwako kuna shawa ya instanti, usinunue yoyote. Instanti hupasha maji pale tu yanapopita, kwa hiyo hakuna cha kuokoa. Tena nyingi huvuta zaidi ya ampea 20 na zitaiunguza saa yako.

Kwa wenye tangi, piga hesabu kabla ya kutoka nyumbani. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 18 hadi 60 kunahitaji uniti 2.4 hivi. Hita ya wati 3,000 itamaliza kazi hiyo kwa dakika 50, ya wati 1,500 kwa saa moja na dakika arubaini. Wati zimeandikwa kwenye kibandiko cha tangi. Zigawe kwa volti 240 upate ampea: wati 3,000 ni ampea 12.5, kila siku, karibu saa nzima mfululizo. Namba hiyo ndiyo itakayokuchagulia.

Pia usidanganywe kwamba stima ya usiku ni ya bei nafuu. Kwa mtumiaji wa nyumbani uniti ni bei ileile mchana na usiku. Unachookoa ni joto linalovuja tangini saa zile hakuna anayeoga. Kinachobadilisha bei ni wingi wa matumizi: tangu Aprili 2023, anayevuka wastani wa uniti 100 kwa mwezi huhesabiwa kwa kiwango cha juu zaidi, na wastani huo hutazama miezi mitatu iliyopita. Hita isiyozimwa inaweza kukusukuma huko peke yake.

Ya kwanza: saa ya kidijitali yenye betri, ndani ya kijiboksi chake

Hii ndiyo ningemnunulia ndugu yangu. Ni kidude chembamba kinachokaa kwenye reli kama vile swichi za boksi la stima, chenye kioo kidogo na betri ya ndani. Stima ikipotea usiku, betri inaendelea kuhesabu, na ikirudi saa bado iko sawa. Kwetu sisi ambao stima hukatika bila taarifa, sifa hiyo inazishinda nyingine zote.

Mwambie fundi aifunge kwenye kijiboksi cha plastiki, katikati ya swichi ya hita na tangi. Swichi ya mwenye nyumba inabaki pale pale, boksi kubwa la stima halifunguliwi kubadilishwa kitu, na siku ya kuhama unafungua skrubu mbili tu. Tafuta iliyoandikwa ampea 16 au zaidi. Hita ikiwa ya wati 3,000, ongeza kontakta, yaani swichi nzito inayoendeshwa kwa stima, ibebe mzigo, saa yenyewe ibaki kutoa amri. Hapo utalipa zaidi kidogo, na sioni sababu ya kuikwepa gharama hiyo.

Angalizo moja unapoipanga: kioo kinasoma 05:00 pale sisi tunaposema saa kumi na moja alfajiri. Ukiandika 11:00, maji yatapata moto saa tano, watoto wako darasani.

Ya pili: swichi ya WiFi ya ampea 20

Inachukua nafasi ya swichi ya hita ukutani, nawe unaipanga kwa simu. Kwenye boksi la swichi ya hita kwa kawaida waya wa nyutro upo tayari, jambo ambalo swichi nyingi za taa hazina, kwa hiyo kuifunga ni rahisi. Nimeishusha kwa sababu nyingi hukata waya wa moto peke yake, wakati swichi ya zamani hukata wa moto na wa nyutro pamoja. Fundi wa maji akija, zima kwenye boksi kuu. Weka swichi ya zamani kabatini, utairudisha ukihama.

Ya tatu: swichi ya kujizima

Unabonyeza, inapasha nusu saa au saa moja, inazima. Haina cha kupangwa wala cha kupoteza stima ikikatika. Inamfaa anayeishi peke yake na kuoga saa zisizotabirika. Familia yenye watoto wa shule itachoka nayo.

Ya mwisho: saa ya kuchomeka kwenye soketi

Ni ile ya duara yenye vipini pembeni, nayo ndiyo rahisi zaidi kupata. Nilianza nayo. Stima ilikatika saa mbili usiku, ikarudi saa tano, na saa ikabaki nyuma saa tatu nzima, maana mota yake huzunguka kwa stima tu. Tulioga maji baridi. Baada ya wiki chache nikakuta plagi imegeuka rangi ya kahawia na ina harufu ya plastiki iliyoungua. Imeandikwa ampea 13, lakini mzigo wa 12.5 kila alfajiri haiuvumilii. Itumie kwa hita ndogo ya wati 1,500 yenye plagi, basi.

Yoyote utakayochagua, mwandikie mwenye nyumba ujumbe kwanza na utunze jibu lake. Ni kinga ya diposi yako. Fundi awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia kawi nchini Kenya, na ahakikishe waya wa ethi, ule wa kuzuia kupigwa na stima, umefika tangini kabla ya kugusa kitu kingine. Themostati, kidhibiti joto cha tangi, iache kwenye nyuzi 60, kwa kuwa maji ya vuguvugu yanayolala tangini hukuza bakteria wa legionella.

Kama ploti yenu ina paneli za jua za kupasha maji zenye hita ya stima ndani, panga saa iwake saa kumi na moja jioni, jua likiwa limefanya lake. Siku ya jua kali themostati itakuta maji yana moto tayari, na mita haitasogea.