Mashine ya kung'arisha mawe nyumbani: uzoefu wangu hapa Kigoma

Niseme mapema: mashine ni nzuri, lakini ukiinunua kabla hujajua utaiweka wapi, umenunua ugomvi na majirani. Inazunguka usiku na mchana, na kutoka jiwe ghafi hadi jiwe linalong'aa ni kama mwezi mzima. Huizimi kwa sababu watu wamelala. Ndiyo maana hapa nitaongelea sana banda la uani kuliko kile kilichokuja ndani ya boksi.

Yangu ni ya pipa la mpira, linabeba kilo moja na nusu hivi. Niliagiza kupitia wakala, mzigo ukashukia Kariakoo, ukaja kwa basi. Mpaka inaingia kwangu Mwanga ilikuwa imekula laki tatu na ushee. Zipo za pipa la plastiki kwa bei ya chini. Hizo achana nazo kama una ukuta mmoja na jirani, maana mpira unameza kelele na plastiki inazitangaza mtaa mzima.

Kazi yake haina maajabu. Pipa linalala juu ya fito mbili, mota inazungusha fito moja kwa mkanda, mawe yanapanda ubavuni na kuteleza juu ya wenzake huku katikati kuna maji na unga wa msasa. Ujaze theluthi mbili mpaka robo tatu. Pungufu ya hapo mawe yanaanguka na kupasuka, zaidi ya hapo hayana pa kuteleza. Maji yaishie chini kidogo ya mawe ya juu.

Sasa banda. Niliondoa magunia ya mkaa, nikamwita fundi seremala anipigie meza fupi, nzito, yenye ukingo pande zote ili pipa likitoka kwenye fito lisiende sakafuni. Chini ya miguu ya mashine nimekata vipande vya kandambili za zamani, na mtetemo umeisha kabisa. Kuna watu huifunika mashine kwa boksi kupunguza sauti. Kwa joto la huku usithubutu, mota inataka hewa. Dirisha la nyavu linatosha. Hata hivyo bibi wa nyumba ya pili aliniuliza asubuhi moja, "Mwanangu, unasaga unga gani huo usioisha?" Nilimpelekea jiwe moja lililokamilika, na sasa yeye ndiye wa kwanza kuniuliza pipa likisimama.

Na litasimama, umeme ukikatika. Kukatika kwa saa moja mbili hakuna neno. Kukichukua muda mrefu, tope linatuama na kushikana chini, na umeme ukirudi mota inaanza na mzigo mkavu. Nikisikia kimya, nazima swichi, na umeme ukirudi nalizungusha pipa kwa mkono kwanza. Mashine nimeichomeka kwenye kile kifaa cha kulinda friji, kwa sababu umeme unaporudi hauji kwa adabu. Kibandiko kinasema wati 40, maana yake kwa saa 24 inakula karibu yuniti moja ya LUKU. Si nyingi, ila ninyi mlio kwenye daraja la matumizi madogo, lile la yuniti 75 kwa mwezi, pigeni hesabu kwanza.

Mawe hapa si tatizo, tatizo ni kuchagua. Kokoto za ufukweni zinapendeza zikiwa zimelowa, ukifika nyumbani zimekauka na uzuri umekwisha. Ule mng'ao wa maji ndio unaoufukuzia, kwa hiyo jiwe likiwa baya likiwa limelowa, mashine haitalisaidia. Zile nyeupe za kwatzi ndizo zangu. Kwa kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe kinachoanzia 1 na kuishia 10, zina ugumu wa 7, ukizikwaruzia kwenye chupa zinaacha alama. Mawimbi yamekwisha kuzipunguza kona, kwa hiyo hatua ya kwanza inakuwa fupi kuliko kwa mawe ya kupasua. Yale mekundu ya mchanga ulioshikana yanadanganya. Likwaruze kwa ukucha au kisu, likitoa chembechembe liache hapo hapo, litang'oka punje kwa punje na kuharibia wenzake. Jiwe la chokaa nalo ni laini mno kuchanganya na kwatzi. Likwaruze, dondoshea ndimu kwenye ule unga, likitoa vipovu ni lenyewe. Za Gombe ziacheni Gombe, kule ni hifadhi ya taifa tangu 1968 na hata kokoto haitoki.

Hatua ni nne, kila moja kama wiki: msasa namba 60 mpaka 90, kisha 120 mpaka 220, kisha 500, mwisho polishi. Namba ikiwa ndogo, punje za unga ni kubwa. Kwa msasa wa kwanza mtu asiwe na haraka. Ukifungua mfuniko unakuta tope la kijivu zito kama uji wa mgonjwa. Toa jiwe moja, lisuuze, lifute likauke kabisa, kisha lipitishe juani ukiligeuza. Likiwa na kishimo hata cha ukubwa wa kichwa cha pini, lirudi namba 60, kwa sababu hatua zinazofuata hazifukii shimo. Kila ukibadilisha namba, osha pipa, mfuniko na kila jiwe kwa mswaki. Punje moja ya namba 60 ikibaki hadi kwenye polishi itachora mawe yote.

Tope lisiende kwenye sinki wala karo. Linatuama kwenye bomba na kugandamana, na fundi bomba atakudai kuliko bei ya msasa. Mimi namwaga kwenye ndoo, litulie, maji ya juu nayatumia tena kusuuzia, tope naenda kulifukia shimoni. Likimwagika mezani futa kwa kitambaa kibichi, usifagie likishakauka. Vumbi la kwatzi ndilo linaloharibu mapafu ya wachimbaji. Kwa hiyo ukipasua jiwe, lilowanishe, vaa barakoa na miwani, watoto wakae mbali.

Lawama yangu iko kwa muuzaji. Tangazo lilisema pakiti za unga zinatosha mizunguko mingi, zilitosha mmoja. Kigoma mjini sijaona duka linalouza unga wa silikoni kabaidi, yaani huo unga wa msasa, naagiza Dar, na nauli inakaribia bei ya unga wenyewe. Nunueni namba 60 kwa kilo, ndiyo inayoisha. Mikanda ya akiba ilikuja miwili. Pete ya mpira wa baiskeli nimeijaribu badala ya mkanda, inateleza.

Kabla hujalipa, muulize muuzaji mambo haya na akujibu kwa maandishi: mota ni ya volti 230, au ni ile ya Marekani ya 110 itakayokudai transfoma, pipa ni la mpira kweli au limepakwa mpira kwa ndani tu, mikanda ya akiba ni mingapi, na unga ni gramu ngapi kwa kila namba. Akikujibu "unatosha tu", tafuta mwingine.